Mwenye Heri Anuarite, Mwalimu Aliyesamehe

Kila tarehe 1 Desemba sisi walimu wa kambi tunamkumbuka Anuarite Nengapeta. Alizaliwa mwaka 1939 huko Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Akiwa bado msichana alipanda lori la kwenda kwa masista wa Bafwabaka, bila mama yake kujua. Mwaka 1959 aliweka nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu. Imani yake ilikua katika kazi za kila siku: alifundisha watoto, alisaidia jikoni, alitunza vyombo vya kanisa.

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliwachukua masista hao hadi Isiro. Afisa mmoja alimtaka kwa nguvu, naye akakataa. Aliuawa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, akiwa na miaka 24, baada ya kumsamehe muuaji wake. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa.

Wengi wetu tuliwakimbia wenye silaha, na kwetu kusamehe si jambo jepesi. Anuarite hakuukubali uovu, wala hakufa na chuki. Tuwafundishe watoto wetu yote mawili.