Al-Biruni: Mwanachuoni aliyezihesabu nyota bila kuzikabidhi nafsi yake

Posa ikipelekwa katika nyumba nyingi za pwani, kabla mahari haijatajwa, kuna mtu wa pembeni atakayeuliza majina ya bwana na bibi harusi pamoja na majina ya mama zao, ili nyota zipigwe. Zikionekana haziendani, posa hurudishwa kwa maneno matamu, na mtoto wa watu hubaki na dosari asiyoijua. Siku hizi wala hapana haja ya kumwendea mwalimu wa falaki. Simu itakuuliza tarehe, saa na mji uliozaliwa, kisha itakwambia mwezi ulikuwa katika kituo gani, robo ya ngapi ya kituo hicho, na kwa hivyo wewe ni mkali, mpole, mchoyo au mtu wa bahati.

Hesabu hiyo ya vituo na robo zake ni ya Wahindi, nayo ni kongwe. Leo nataka tumzungumze Muislamu aliyeisoma kwa lugha ya wenyewe karibu miaka elfu moja iliyopita na akaieleza kwa uadilifu. Maisha yake yana la kutufunza juu ya swali hili: je, nyota ya mtu yaweza kutwambia yeye ni nani?

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni alizaliwa Mfunguo Tatu mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973, katika viunga vya mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambao leo uko Uzbekistan. Jina lake latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nje. Alikuwa mtoto wa nje ya mji, na jina likamganda. Alibahatika kupata mwalimu mkubwa, Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo wa kifalme na bingwa wa hesabu. Alipofika miaka 17 alikuwa tayari anapima kimo cha jua la adhuhuri kwa pete iliyotiwa alama za digrii, ili ajue mji wake uko wapi juu ya uso wa dunia.

Mwaka 995 ukoo wa mwalimu wake ulipinduliwa, na vita vikamtoa kijana huyo nyumbani. Alifika Rayy, karibu na Tehran ya leo, akiwa hana kitu. Huko alibishana na mnajimu mmoja katika suala la kielimu, na yule bwana akamdharau kwa umasikini wake badala ya kuitazama hoja. Al-Biruni alisimulia baadaye kwamba hali yake ilipotengenea, mtu yule yule alimgeukia kwa urafiki. Nyota zao wawili zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni mfuko.

Mei 997, akiwa Kath tena, aliangalia kupatwa kwa mwezi kwa miadi na mwanachuoni Abu al-Wafa al-Buzjani aliyekuwa Baghdad. Kila mmoja aliandika saa ya mji wake, na tofauti ya saa hizo ikawapa umbali wa miji yao kwa upande wa mashariki na magharibi. Kwa al-Biruni, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwezi: kumpa binadamu kipimo.

Karibu mwaka 1000, akiwa chini ya ulinzi wa mtawala Qabus wa Gurgan, aliandika kitabu chake kikubwa cha kwanza, al-Athar al-Baqiya, juu ya kalenda na sikukuu za mataifa. Humo ameieleza Nairuzi ya Waajemi, ile ambayo sisi pwani tumeirithi katika kuhesabu Siku ya Mwaka. Mlango wa mwisho wa kitabu ni wa vituo vya mwezi. Waarabu walivihesabu 28, na kwa kuchomoza na kuzama kwake walijua majira ya mvua, joto na baridi. Msomaji wa Kurani anavijua vituo hivyo, kwani vimetajwa katika Sura Yunus na Sura Yasin kwa ajili ya kujua hesabu ya miaka na mwendo wa mwezi. Na wakulima wetu wanakijua kimoja wapo bila kufundishwa na mtu, maana Thuraya ya Waarabu ndiyo Kilimia chetu, kinachotazamwa tangu zamani kwa ajili ya mvua na kilimo.

Kisha likaja pigo la pili. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, na wanavyuoni wake wakachukuliwa hadi Ghazna, Afghanistan ya leo. Al-Biruni alikuwa na miaka 44. Mwaka uliofuata tunamkuta katika kijiji kimoja kusini ya Kabul, hana hata chombo cha kupimia. Alichora tao la digrii nyuma ya ubao wake wa hesabu, akaning'iniza timazi, akapima jua. Mwaka 1025 alimaliza kitabu cha kupima mahali ilipo miji, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuupata mwelekeo sahihi wa kibla cha Ghazna.

Mahmud alikuwa akiivamia Bara Hindi mara kwa mara, na njia hiyo ya vita ndiyo iliyomfikisha al-Biruni kwa Wahindi. Wenziwe walirudi na ngawira, yeye akarudi na lugha. Akiwa mtu mzima alijifunza Kisanskriti, akakaa na wanazuoni wa Kihindi, akawasomea na kuwasomesha. Katika ngome ya Nandana, Pakistan ya leo, alipima kimo cha mlima na jinsi upeo wa macho unavyoinama, akapata ukubwa wa dunia kwa kipimo kilicho karibu sana na cha leo.

Kitabu chake juu ya India, chenye milango 80, kilikamilika karibu 1030, mwaka aliokufa Mahmud. Humo hakuficha kwamba uvamizi wa sultani uliibomoa nchi ile na kupanda chuki dhidi ya Waislamu. Amelieleza pia hekalu la Somnath, ambalo Mahmud alilivunja. Kwa Wahindi lilikuwa la bwana wa mwezi, na asili yake ni hadithi ya mwezi aliyeoa mabinti wengi wa baba mmoja, akampenda mmoja tu, Rohini, hata akaapizwa kwa kutofanya uadilifu. Mabinti wale ndio vituo vyake. Hapo al-Biruni anatutaja hata sisi: asema mahali pale palipata umaarufu kwa kuwa palikuwa kituo cha mabaharia wanaosafiri baina ya Sofala, katika nchi ya Wazanji, na China. Jahazi za pwani hii zilikuwa zikipita kwenye mlango wa nyumba ya mwezi.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Duara la mbingu lina digrii 360. Wahindi huligawa mafungu 27, kwa kuwa mwezi hulizunguka kwa siku 27 na kitu. Kila fungu, ambalo wao huliita nakshatra, lina digrii 13 na dakika 20. Kila fungu hukatwa tena robo nne, na kila robo huwa digrii 3 na dakika 20. Jumla ni robo 108. Ukichukua zile burji 12 tunazozijua, ukaigawa kila moja kwa tisa, utapata vipande 108 vya ukubwa ule ule. Kwa hivyo kila robo ya kituo ni sehemu ya tisa ya burji, nayo hupewa burji yake ya ndani na sayari ya kuitawala. Kila robo hupewa pia silabi ya kuanzia jina la mtoto.

Chukua Kilimia, ambacho Wahindi hukiita Krittika. Wao hukiweka chini ya Agni, mungu wao wa moto, na aliyezaliwa mwezi ukiwa hapo huambiwa ana ukali wa wembe. Lakini robo ya kwanza iko mwishoni mwa Hamali, na hesabu ya tisa huipa Kausi, burji ya Mushtari. Huyo ataambiwa ukali wake ni wa mpenda elimu na haki. Robo ya pili imeshaingia Thauri, na hesabu ya tisa huipa Jadi, burji ya Zuhali. Huyo ataambiwa ukali wake ni wa mtu wa kazi na subira. Mwezi hupita robo moja kwa muda wa saa sita hivi. Mtoto wa alfajiri na mtoto wa alasiri, waliozaliwa siku moja katika wodi moja, huweza kupewa tabia mbili mbali mbali. Na watoto wote wa dunia nzima waliozaliwa ndani ya saa sita zile hupewa tabia moja.

Al-Biruni aliyajua haya yote. Alikitafsiri kwa Kiarabu kitabu kidogo cha mambo ya kuzaliwa cha Varahamihira, bingwa wa Kihindi wa karne ya 6, na alimheshimu. Hakuwacheka wenye elimu hiyo wala hakuwazulia. Alipanga maneno yao kama wanavyoyasema wao, na alichopinga alikipinga kwa hoja. Lakini ameandika jambo moja la kufikirisha: hakupata kukutana na Mhindi hata mmoja aliyeweza kumwonyesha kwa kidole, nyota kwa nyota, vituo vile vya mwezi mbinguni. Waliokuwa wakiamua mambo ya watu kwa vituo vile walivijua kitabuni tu.

Mwaka 1029 aliandika Kitab al-Tafhim kwa ajili ya mwanamke wa Khwarazm, Rayhana binti al-Hasan, kwa njia ya maswali na majibu. Kinaanza na hesabu, kinapita kwenye mbingu na ardhi, na kinamalizia na unajimu, zikiwemo zile sehemu za tisa za Wahindi. Alimfundisha yote kwa ukamilifu, ila akaweka wazi kwamba watu wengi huona hukumu za nyota ndiyo tunda la elimu ya hesabu, na kwamba yeye yuko pamoja na wachache wasioona hivyo.

Hata hivyo, al-Biruni alikuwa binadamu. Alipopita miaka 50 maradhi mazito yalimwandama, moja baada ya jingine. Katika dhiki ile, yeye aliyejua unajimu kuliko wengi, aliwauliza wanajimu umri wake umebaki kiasi gani. Ameandika mwenyewe kwamba majibu yao yaligongana vibaya, na mengine hayakuingia akilini. Mtu mmoja, saa moja ya kuzaliwa, mbingu moja, na kila mmoja akaja na lake. Alipomaliza mwaka wa 61 kwa hesabu ya mwezi, maradhi yakaanza kupungua. Akaota anautafuta mwezi mwandamo, ukamtoweka, na sauti ikamwambia atauona mara 170 zaidi. Aliishi kupita hata hesabu hiyo.

Watu baada yake walitaka awe mpiga ramli. Nizami Aruzi, mwandishi wa Kiajemi wa karne iliyofuata, ana hekaya kwamba Mahmud alimtaka atabiri sultani atatokea mlango upi kati ya minne. Al-Biruni akaandika jibu, sultani akatoboa ukuta na kutokea hapo, na karatasi ilipofunguliwa ikakutwa imetaja tundu lile lile. Ni hekaya tamu ya kibarazani, lakini al-Biruni wa vitabu vyake ni mwingine. Ni yule ambaye, inasimuliwa, Sultani Masud alimpelekea shehena ya fedha ya mzigo wa ndovu kwa kitabu chake kikuu cha falaki, naye akairudisha. Ni yule aliyeorodhesha vitabu vyake mwenyewe akiwa na umri wa miaka 60 na zaidi, vikafika 113, kisha akaendelea kuandika.

Alifariki Ghazna katikati ya karne ya 11. Yasimuliwa kuwa mwanachuoni mmoja wa fiqhi alimzuru akiwa katika pumzi za mwisho, na al-Biruni akamuuliza suala la mirathi ya mabibi wa upande wa mama. Mgeni alimhurumia, akaona huo si wakati wake. Mgonjwa akashikilia kwamba ni bora kuiaga dunia akilijua suala lile kuliko kuiaga hali ni jahili wa jambo hilo. Akaelezwa, akalirudia kwa kukariri. Mgeni hajafika mbali, akasikia vilio ndani ya nyumba.

Huyo ndiye mtu ambaye hakuna robo ya kituo ingeweza kumtoa vile. Alifanywa na mwalimu mwema, vita viwili, umasikini, lugha aliyojifunza ukubwani, na tabia ya kuuliza hadi pumzi ya mwisho. Majirani zetu Wahindi wana haki ya elimu yao, na al-Biruni ametufundisha kuisoma kwa adabu. Lakini tunapokaa kuamua juu ya posa ya kijana au binti wa mtu, tuulize alilelewaje, amana zake anazitunza vipi, anasemaje na mama yake. Mambo hayo yana mashahidi wanaoishi mtaani. Mwezi na vituo vyake tuuachie kazi yake: kutwambia lini tufunge, lini tufungue, na lini wakulima washike majembe.