Sayyid Barghash na Mkataba wa 1873

Jina la Sayyid Barghash bin Said tunalikariri kwa ajili ya mtihani, basi, tukalisahau. Lakini maisha yake yana mambo, wasomaji wenzangu.

Alizaliwa mwaka wa 1837, mwana wa Sayyid Said, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Omani. Baba alipofariki mwaka wa 1856, kiti cha Unguja kilichukuliwa na Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka wa 1859 alijaribu kumpindua nduguye huyo, dada yao Salme akimsaidia, lakini Waingereza wakasimama na Majid. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay! Alikuja kutawala mwaka wa 1870, Majid alipokufa.

Mwaka wa 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo. Kabla hajapumua, Januari 1873 akafika Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akitaka biashara ya watumwa baharini ikome kabisa. Mkataba wa 1845 ulikuwa umeacha mwanya, kwani watumwa bado waliweza kusafirishwa kati ya Kilwa na Lamu.

Barghash alikataa. Ati mashamba yameharibika, ushuru utapungua, na matajiri watamwasi. Kwa upande wa hazina yake, mimi naona alisema kweli. Ila katika hesabu hiyo yote, yule aliyesimamishwa sokoni akaguliwe meno hakuhesabiwa popote, wala hakuna aliyemwita kwenye mazungumzo.

Frere aliondoka mikono mitupu. Mwezi wa Juni, balozi John Kirk akaleta neno jipya: tia sahihi, ama manowari zitakizingira kisiwa. Hapa kwetu Kianda tunamjua mwenye nyumba anayekuja "kuzungumza" huku ameshika kufuli mkononi. Mazungumzo yalikuwa ya namna hiyo. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia sahihi. Soko la watumwa likafungwa, na mahali pale Waanglikana wakajenga kanisa kuu ambalo lipo hadi leo.

Kumbe wafanyabiashara walihamia nchi kavu! Misafara ikawatembeza watu kwa miguu kufuata pwani, mpaka Barghash akatoa amri ya kuikataza mwaka wa 1876.

Alijenga pia jumba la Beit al-Ajaib mwaka wa 1883, na akawaletea watu wa mjini maji ya mfereji. Lakini Waingereza aliowatii hawakumkinga. Mwaka wa 1885 manowari za Wajerumani zilikuja kumtisha, na mwaka wa 1886 wakubwa hao wawili wakaafikiana wenyewe kwa wenyewe, yeye akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi, Mombasa yetu ikiwemo.

Alifariki Machi 1888. Watumwa waliokuwa tayari mashambani Unguja na Pemba walingoja sheria ya mwaka wa 1897. Wale wa pwani ya Kenya walingoja hadi 1907.