Sir Edward Twining (1899–1967)

Twining alikuwa Gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958. Anakumbukwa zaidi kwa sera ya mseto wa rangi. Mwaka 1955 viti visivyo vya serikali katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. Waafrika walizidi milioni 8. Wazungu walikuwa kama 20,000. Huo ndio ulioitwa usawa.

Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, Umoja wa Mataifa ulikuwa na haki ya kuikagua. Mtahiniwa asichanganye hapa Baraza la Udhamini na Baraza la Usalama. Ujumbe wa 1954 ulitaka mgawanyo huo uwe wa mpito, na ukaona uhuru unawezekana ndani ya miaka 20 hadi 25. Serikali ya Twining iliipinga ripoti hiyo. TANU iliipokea, na Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kuitetea. Mwaka 1956 Twining aliunga mkono kuanzishwa kwa UTP, chama cha rangi zote.

Katika sehemu za Jimbo la Ziwa, ikiwemo Geita, matawi ya TANU yalinyimwa usajili tangu 1954. Hata hivyo, baraza la wilaya la rangi zote lilipoundwa Geita, wananchi walilikataa, na mwaka 1958 mamia kwa mamia waliandamana hadi Mwanza. Twining aliondoka mwaka huohuo. Mrithi wake, Richard Turnbull, ndiye aliyelegeza kamba. UTP ilishindwa vibaya katika uchaguzi wa 1958–1959.