Amir Jamal na safari ya shilingi ya Tanzania

Mkulima wa ngano wa Karatu au mfugaji wa Ngorongoro akishalipwa mnadani, huhesabu noti zake na kuangalia kama si bandia. Ni wachache wanaojiuliza noti hizo zilitokana na nini, na kwa nini mwaka huu zinanunua mfuko wa mbolea na mwaka ujao hazitoshi. Swali hilo lilimshughulisha marehemu Amir Habib Jamal kwa miaka mingi ya utumishi wake.

Jamal alizaliwa Mwanza mwaka 1922 katika familia yenye asili ya India, na masomo yake yakamfikisha Calcutta. Mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Mwaka 1965 Mwalimu Julius Nyerere alimkabidhi Wizara ya Fedha.

Wakati huo Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919. Kanuni ya Bodi ilikuwa kwamba shilingi haitolewi bila paundi ya kuidhamini kuwekwa akiba. Kanuni hiyo ililegezwa kidogo mwaka 1955, lakini msingi wake ulibaki.

Waliouunga mkono utaratibu huo walisema unazuia serikali kuchapa noti ovyo. Waliopinga walisema unamfunga mkulima. Kahawa ya Oldeani ikiporomoka bei Ulaya, fedha nazo zilipungua nchini, na akiba iliwekezwa Uingereza huku wakulima wa hapa wakikosa mikopo.

Mwaka 1965 nchi hizo tatu ziliamua kila moja kuwa na benki yake kuu. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966, Gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei, na Jamal akiwa Waziri wa Fedha. Sasa fedha ziliweza kutolewa kwa kuangalia pia mahitaji ya uzalishaji wa nchini, si paundi peke yake.

Faida ilionekana mapema. Novemba 1967 Uingereza ilipunguza thamani ya paundi, lakini Tanzania haikuifuata. Mwaka huo huo, Februari, mabenki binafsi yalitaifishwa na kuundwa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC). Mwaka 1971 ikaanzishwa Benki ya Maendeleo Vijijini kwa ajili ya mikopo ya kilimo.

Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na gharama zake. Katika miaka ya 1970 Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) lilikuwa mnunuzi pekee halali wa mahindi na ngano, kwa bei moja nchi nzima. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. NMC ilipopata hasara ilikopa NBC, na deni lilipoiva liliongezewa deni jingine. Kwa njia hiyo fedha mpya ziliingia mitaani bila bidhaa mpya madukani.

Jamal alirudi Wizara ya Fedha mwishoni mwa mwaka 1979, baada ya Mtei kujiuzulu kutokana na mvutano kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Vita vya Uganda na bei ya mafuta vilikuwa vimekausha hazina. Alifikia makubaliano na IMF mwaka 1980, lakini yalivunjika baada ya serikali kuvuka kikomo cha kukopa benki. Mkulima alibaki na noti mkononi, sukari na sabuni hazionekani.

Mwaka huo wa 1980 ulileta pia fikra ya tatu. Mkutano uliofanyika mjini Arusha ulidai kwamba fedha inayotumika kati ya mataifa isiwe sarafu ya nchi moja tajiri, bali itolewe na chombo ambacho nchi zote zina sauti ndani yake. Jamal, aliyeongoza mkutano wa mwaka wa IMF na Benki ya Dunia mjini Washington mwaka huo, alikuwa miongoni mwa waliotetea mageuzi katika mfumo wa fedha duniani.

Aliondoka Wizara ya Fedha mwaka 1983, akaiwakilisha nchi mjini Geneva, na kufariki mwaka 1995. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria mpya iliyoifanya kazi kuu ya Benki Kuu kuwa kulinda utulivu wa bei.

Maisha yake yanamwachia mkulima funzo moja. Nchi isiyoweza kutoa fedha yake hulima kwa kutegemea akiba ya mwingine. Lakini fedha ikitolewa kupita mazao na bidhaa zilizopo, anayelipa tofauti hiyo ni yule aliyekwisha kuuza gunia lake.