Muhamadi Kijuma wa Lamu: Mkono Ulioandika, Uliochonga na Uliochora

Mwanafunzi wa Kiswahili anapofungua Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI mwaka 1999, hukutana na utenzi wa Fumo Liyongo ukiwa umepangwa kwa herufi za Kirumi, beti zake zikifuatana bila tatizo. Awe anausomea Dar es Salaam, Nairobi au Karungu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mbali na bahari iliyouzaa utenzi huo, ni nadra mwanafunzi huyo kujiuliza ni mkono wa nani ulioziandika beti hizo kabla hazijafika kiwandani. Makala haya yanakusudia kueleza kwa muhtasari maisha ya mwenye mkono huo, Muhamadi bin Abubakari Kijuma, ambaye baadhi ya wataalamu humwandika Kijumwa.

Kijuma alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855, wakati mji huo ukiwa chini ya utawala wa Mabusaidi wa Zanzibar. Alifariki mwaka 1945, baada ya kuushuhudia utawala wa Waingereza kwa miongo mingi. Katika umri huo mrefu alikuwa mtunzi wa mashairi, mwandishi wa khati, mchongaji wa mbao, mwimbaji na mjuzi wa ngoma. Ni vigumu kuzitenganisha kazi hizi. Katika Lamu ya wakati wake, shairi liliimbwa kabla ya kusomwa. Hali kadhalika, nakshi iliyopamba mfaa na fremu ya mlango ilikuwa na undugu na nakshi iliyopamba ukurasa wa muswada. Jicho lililojizoeza kuugawa ubao kwa vipimo sawa ndilo pia lililoupanga mstari wa wino.

Kazi yake mashuhuri kuliko zote ni Utendi wa Fumo Liongo, alioutunga mwaka 1913. Habari za Liongo zilikuwa zikisimuliwa pwani tangu zamani, na Edward Steere alikwisha kuchapisha hadithi yake kwa nathari mwaka 1870 katika Swahili Tales. Alichokifanya Kijuma ni kuyachukua masimulizi hayo na kuyatia katika bahari ya utendi: mishororo minne, mizani minane kila mshororo, mitatu ya mwanzo ikiwa na kina kimoja na wa nne ukibeba kina cha utendi mzima. Kwa njia hiyo shujaa wa masimulizi alipata umbo la maandishi ambalo lingeweza kunakiliwa, kusafirishwa na hatimaye kuchapishwa.

Aidha, Kijuma alikuwa mshirika wa wataalamu wa kigeni waliokuwa wakiitafiti fasihi ya Waswahili. Miongoni mwao ni Alice Werner, aliyezuru Afrika Mashariki kati ya mwaka 1911 na 1913 na baadaye kufundisha Kiswahili jijini London. William Hichens, aliyehariri Al-Inkishafi (1939) na Diwani ya Muyaka (1940). Na Ernst Dammann, Mjerumani aliyefika Lamu mwaka 1936 na kutoa mkusanyo mkubwa wa tenzi za lahaja ya Kiamu mwaka 1940. Hawa waliagiza miswada, naye akaiandika kwa khati safi na kuitia mapambo.

Ushirikiano huo unahitaji kutazamwa kwa makini. Hati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Tena baadhi ya sauti za Kibantu hazina herufi zake katika hati hiyo. Kwa hiyo kuusoma muswada wa Kiswahili ni kazi ya kufasiri. Mgeni asiyezaliwa na Kiamu hakuweza kuifanya peke yake. Alimhitaji mtu wa kumweleza neno hili linatamkwaje na msamiati huu wa kale una maana gani. Kumwita Kijuma mnakili tu, basi, ni kumpunja. Alikuwa mhariri wa kwanza wa matini ambazo wahariri wengine walizipatia umaarufu.

Hata hivyo, ushirikiano huo haukuwa wa usawa. Majina yaliyochapwa kwenye majalada yalikuwa ya wageni, na karatasi zenyewe zilisafiri. Leo sehemu kubwa ya miswada ya Kijuma imehifadhiwa London na Ujerumani. Ni kweli kwamba kuhifadhiwa huko kumeiokoa na unyevu wa pwani na mchwa, na bila maagizo ya wageni huenda mingine isingeandikwa kabisa. Lakini ni kweli pia kwamba mtafiti wa Afrika Mashariki amelazimika kuvuka bahari ili kuuona mwandiko wa babu yake wa kifasihi.

Juhudi za kumrudishia Kijuma hadhi yake zimekuwapo. Mwaka 1983 Mohammad Abou Egl aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha London tasnifu ya uzamifu kuhusu maisha na kazi zake, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kinachokusanya matini zake kutoka katika makusanyo mbalimbali. Swali linalobaki ni letu sisi tunaosoma na kufundisha fasihi hii. Mara nyingi tunauhakiki utenzi kana kwamba ulizaliwa ukiwa umechapwa, tukajadili dhamira na wahusika bila kuigusa karatasi. Kijuma anatukumbusha kwamba nafasi kati ya mishororo, pambo linalofunga ubeti na uteuzi wa herufi ni sehemu ya maana. Ingefaa kozi zetu za ushairi ziwe na angalau somo moja la kusoma hati ya Kiarabu, na kila tunapotaja mhariri wa utenzi wa kale, tumtaje pia aliyeuandika kwa mkono. Mwandiko wa Kijuma ungalipo. Kinachopungua ni wasomaji wa kuusoma.