John Keats na Jina Lililoandikwa Majini

John Keats alizaliwa jijini London tarehe 31 Oktoba 1795, mwana wa kwanza wa msimamizi wa mazizi ya farasi. Baba yake aliaga dunia mwaka wa 1804 baada ya kuanguka kutoka mgongoni mwa farasi. Mama akafuata mwaka wa 1810 kwa maradhi ya kifua kikuu. Yatima huyo wa miaka 14 alitolewa shuleni akawa mwanagenzi wa tabibu, kisha akasomea utabibu katika Hospitali ya Guy's. Alifuzu mwaka wa 1816, ila moyo wake ulikwisha kutekwa na ushairi, naye akaiacha kazi hiyo.

Uamuzi huo haukumletea tija. Diwani yake ya kwanza ya mwaka wa 1817 ilinunuliwa na wachache. Shairi lake refu, Endymion, lilipochapishwa mwaka wa 1818, wahakiki walilishambulia bila huruma, mmoja wao akimshauri kwa dhihaka arejee kwenye duka la dawa. Mwaka uo huo alimuuguza nduguye, Tom, hadi kifua kikuu kilipomuua mwezi wa Desemba.

Msiba huo ulimfanya awaze sana kuhusu kinachodumu na kisichodumu. Mwaka wa 1819, akiishi Hampstead na akimpenda jirani yake, Fanny Brawne, alitunga odi zake mashuhuri. Katika odi mojawapo anakizungumzia chombo cha marumaru cha Wayunani wa kale. Waliokichonga wametoweka, ilhali wapenzi waliochorwa juu yake hawazeeki wala penzi lao halichujuki. Hata hivyo, Keats hakuisifu sanaa kijuujuu tu. Wapenzi hao kamwe hawatabusiana, na mji ambao wakazi wake wamekwenda kutoa kafara utabaki mahame milele. Sanaa humshinda mauti, lakini ushindi huo hugharimu joto la uhai.

Gharama hiyo aliilipa yeye mwenyewe. Mwezi wa Februari 1820 alikohoa damu na, kwa kuwa alikuwa tabibu, akatambua mara moja kwamba siku zake zilikuwa zinahesabika. Diwani yake ya tatu, iliyozikusanya odi hizo, ilitoka mwezi wa Julai. Septemba alisafiri kwenda Italia kutafuta nafuu, akisindikizwa na mchoraji Joseph Severn. Fanny, mchumba wake, alibaki Uingereza, hawakuonana tena. Keats alifariki jijini Rome tarehe 23 Februari 1821, akiwa na umri wa miaka 25. Aliagiza kaburi lake lisiandikwe jina, bali maneno ya kueleza kwamba jina la aliyelala pale liliandikwa majini.

Katika hili alikosea. Mwaka huo huo Shelley alimtungia shairi la maombolezo, Adonais. Naye Shelley alipokufa maji mwaka wa 1822, mfukoni mwake mlikutwa kitabu cha Keats. Mwaka wa 1848 Richard Monckton Milnes alichapisha wasifu wake pamoja na barua zake, na wasomaji wakazidi kuongezeka. Nyumba ya Hampstead ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1925. Jiwe la kaburi lake halina jina hadi leo, lakini wageni wanaolizuru hawahitaji kuuliza ni la nani.