Hill, mtu aliyepima uchovu



Kila mmoja wetu mwenye kutoka mu shimo kiisha zamu ya usiku anajua namna miguu inakuwa mizito sawa chuma. Kuna wakubwa wa kazi wanaita ile uvivu. Leo tuongee juu ya mutu mmoja aliyeonyesha kama uchovu ni kitu cha kweli, kinapimwa.

Jina lake Archibald Vivian Hill. Alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1886. Baba yake aliacha nyumba wakati mtoto alikuwa na miaka 3 tu. Mama akabaki peke yake kulea. Kijana akasoma kwa nguvu ya basi mpaka Cambridge. Alisomea hesabu, lakini mwalimu wake Walter Fletcher akamsukuma kuchunguza mwili. Huyu Fletcher, pamoja na Hopkins, mwaka 1907 alikuwa ameonyesha kama nyama ya chura ikifanya kazi sana inajaa asidi ya laktiki, na ikipata hewa ya oksijeni, ile asidi inapunguka.

Hill alipima joto kidogo sana lenye kutoka mu nyama ya chura. Alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 pamoja na Mjerumani Otto Meyerhof, wakati inchi zao zilikuwa zimetoka mu vita juzi tu.

Yeye mwenyewe alipenda kukimbia. Kule Manchester alikimbia na mufuko mugongoni, anakusanya pumzi yake. Njo alieleza deni ya oksijeni: ukitumika kupita nguvu, mwili unakopa, na kiisha kazi unalipa kwa kuhema.

Tangu 1933, Hitler alipofukuza walimu Wayahudi, Hill alisaidia wengi kupata makimbilio na kazi. Hakuangalia kabila.

Alifikiri asidi ya laktiki njo inaendesha nyama. Mwaka 1930 Mdanishi Einar Lundsgaard akaonyesha nyama inaweza kujikunja bila ile asidi. Hill hakukasirika. Mwaka 1932 aliandika mbele ya wote kama mambo yamegeuka. Wakubwa wangapi wanaweza kufanya vile? Alikufa mwaka 1977, na miaka 90.

Leo tunajua laktati si sumu. Mwili unaitumia pia sawa mafuta. Lakini inaonyesha vizuri namna mutu anasukuma mwili wake. Kocha anachoma kidole ao sikio la mukimbiaji, anachukua tone moja la damu, anaweka mu mashini ndogo yenye kuenea mukononi. Jibu linatoka bila kufika dakika moja. Mutu mwenye kupumzika anakuwa na karibu milimoli 1 kwa lita. Akiongeza mwendo, kunafika mahali hesabu inapanda mbio. Pale kocha anajua: kupita hapa, hatakawia kuchoka. Anapanga mazoezi kufuata ile damu, hapana kufuata kelele.

Njo ninauliza, wandugu: mukimbiaji iko na mutu wa kumupimia uchovu wake na kumupa pumziko. Sisi wenye kubeba mawe, nani anatupimia? Sisemi tuombe mashini kwa kila shimo. Ninasema tu: siku tutakaa na wakubwa kuongea saa za kazi na pumziko, tusipate haya kutaja uchovu. Hill alishapima: si uvivu.